Kikombe na Mkasi

Kwa miaka kumi na sita nimeinua kikombe cha Bwana mbele ya washarika, na kwa miaka hiyo yote sikuwa nimewahi kuuona mzabibu. Sisi wa Kolandoto tunajua pamba, mtama, dengu na mpunga wa mbugani. Tunajua ng'ombe. Divai yetu hutufikia ikiwa ndani ya chupa, chupa zikiwa ndani ya katoni, na katoni ndani ya buti la basi litokalo Dodoma. Mwinjilisti huipokea stendi ya Shinyanga, akaileta pamoja na mishumaa. Nilikuwa nikihubiri kwa ujasiri juu ya mzabibu wa kweli na matawi yake, kumbe picha niliyokuwa nayo kichwani ilitoka kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini.

Mwezi Agosti mwaka jana nilikwenda Dodoma kwa mapumziko ya siku tatu, na huko nilitembezwa kwenye mashamba ya mizabibu. Sikwenda kutafuta mahubiri. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka, na uchovu wangu ulitokana na jambo moja ambalo ni lazima nilieleze kwanza.

Katika usharika wetu yuko fundi seremala ambaye sitamtaja jina, naye ameniruhusu niyaandike haya. Ujana wake aliumalizia kwenye maduara ya dhahabu upande wa Geita. Anayeijua kazi ile anajua kwamba mtu hushuka shimoni kwa kamba asiwe na hakika ya kupanda, na akipanda na mawe yenye mali, fedha yake hailali. Aliniambia kwamba alikunywa bia fedha ilipokuwepo, viroba ilipopungua, na gongo ilipokwisha. Serikali ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, wenzake wengi walihamia moja kwa moja kwenye gongo. Yeye alirudi Kolandoto na kifua kibovu, akakuta mkewe amekwenda kwao, akaacha pombe zote siku moja. Alifungua karakana chini ya mti, akatengeneza vitanda na madirisha, mke akarudi. Kwa miaka saba hakugusa tone.

Kisha akajiunga na darasa letu la kipaimara la watu wazima, ili Pasaka ile ashiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Jioni moja baada ya somo alibaki nyuma wenzake walipoondoka.

"Baba Mchungaji," akasema, "siku ile mimi nitapokea mkate tu. Kikombe kinipite."

Nilipaswa kumwuliza kwa nini. Badala yake nilimfundisha. Nilimweleza jinsi mtaguso wa Konstanz mwaka 1415 ulivyothibitisha kwamba waumini wasio mapadre wasipewe kikombe, na jinsi wafuasi wa Jan Hus kule Bohemia walivyokipigania kwa damu yao. Nikamweleza jinsi Martin Luther alivyoandika mwaka 1520 kwamba kumnyima Mkristo kikombe ni dhuluma, na kwamba Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lina kifungu kizima, cha 22, juu ya sakramenti katika maumbo yote mawili. Nikamalizia kwa kusema kwamba Mlutheri hachagui nusu ya karamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Sawa, Baba," akasema. "Wewe ndiye mchungaji."

Siku ya Pasaka alipiga magoti mbele yangu amevaa shati jeupe jipya. Nilipompa kikombe niliona mikono yake ikitetemeka, nikadhani ni uzito wa siku yenyewe.

Haikupita wiki mbili mkewe akaja nyumbani kwetu alfajiri. Mama Mchungaji alimkaribisha kiti, naye hakukaa. "Njoo umwone mtu wako," akaniambia. Nilimkuta nyuma ya kilabu cha pombe, amelala ubavu, kiatu kimoja hakipo. Karakana ilikaa imefungwa mwezi mzima, na randa na misumeno vikauzwa.

Sisemi kwamba tone lile peke yake ndilo lililomwangusha. Moyo wa mtu una milango mingi. Wala yeye hakunilaumu. Alipopata nafuu nilimtembelea, nikazungumza mambo mengi ya kutia moyo, naye akanijibu neno moja tu: "Lakini Baba, mimi nilikuambia."

Tangu siku ile nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Mazishi, vikao, semina, ziara za mitaani, ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti: sikukataa kitu. Watu walinisifu kwa bidii. Mke wangu hakunisifu. Alimpigia simu mchungaji mmoja niliyesoma naye chuo cha theolojia, anayetumika Dodoma, nao wawili wakapanga safari kabla sijaulizwa. Niliambiwa tu siku ya kupanda basi.

Kutoka Shinyanga hadi Dodoma ni siku nzima barabarani. Tulipita Tinde, Nzega na Igunga, tukapanda mlima Sekenke, tukapita Singida na Manyoni, na jua lilikuwa linazama tulipoingia Bahi. Nchi yote ilikuwa kavu, ya rangi ya vumbi. Nilijiuliza ni mzabibu gani unaoweza kuota hapa. Nilidhani mizabibu inataka mito na ubaridi wa milima, kama ile kalenda yangu ilivyonionyesha.

Kesho yake mwenzangu alinichukua kwa gari tukashika barabara ya Iringa. Tulipofika Bihawana alinisimulia kwamba hapo wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950, wakiwa na haja ileile niliyo nayo mimi: divai ya misa. Kutoka bustani ya misheni zao hilo lilienea kwa wakulima wa Dodoma, likawa zao la biashara. Leo serikali ina kituo cha utafiti wa zabibu Makutupora, upande mwingine wa jiji, na aina moja ya zabibu nyekundu inayopandwa sana huku imepewa jina la mahali hapo. Ukavu niliouogopa ni msaada kwao, kwa sababu mvua nyingi huleta ukungu na kuozesha vichala. Tena kwa kuwa huku hakuna majira ya theluji, mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Mwenyeji wetu ana shamba dogo eneo la Mpunguzi na hutengeneza divai nyuma ya nyumba yake, kwenye matangi machache. Siku za mwisho wa juma hupokea wageni. Siku ile walikuwepo vijana wa Dar es Salaam waliokuja kwa treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 imeifanya Dodoma kuwa matembezi ya siku mbili kwa watu wa pwani. Kulikuwa pia na bwana na bibi harusi waliokuja kupiga picha kati ya mistari ya mizabibu, gauni likikokota vumbi jekundu. Chini ya mwembe viliwekwa viti vya plastiki na meza yenye kitambaa cheupe. Nilipokiona kile kitambaa nilikumbuka madhabahu, na moyo ukaniuma.

Mwenyeji alitujulisha kwa wageni kwamba sisi ni wachungaji. Wengine walicheka kidogo, wengine wakaficha glasi zao. Ninatoka mahali ambapo jambo hili si la mzaha. Hospitali yetu ya Kolandoto ni ya ndugu zetu wa AICT, na kwao Mkristo na pombe ni vitu visivyokaa nyumba moja. Mara nyingi nimeulizwa na majirani zangu hao kwa nini Walutheri tunaweka divai kanisani, nami hujibu kwa Maandiko. Lakini hapo chini ya mwembe sikuwa na jibu lolote la kumpa fundi wangu.

Tulifundishwa kuonja. Huanzwa na nyeupe kavu, huja nyekundu, humaliziwa na tamu. Humiminwa kidogo sana, kama vijiko viwili. Unaizungusha glasi, unanusa, unaitia kinywani, unaipitisha chini ya ulimi. Kisha, mwenyeji akasema, ukitaka unaitema kwenye ndoo hii. Nilidhani anatania. Akaeleza kwamba watu ambao kazi yao ni kuonja divai hutema, kwa sababu wakimeza zote hawatamaliza asubuhi wakiwa na akili ya kutofautisha. "Anayeijua divai kuliko wote," akasema, "huenda ndiye aliyemeza kidogo kuliko wote." Akaongeza kwamba kutema si kumdharau mwenye shamba.

Nilionja nyekundu kidogo, nikatema, nikaomba ruhusa ya kutembea shambani.

Mavuno yalikuwa yanaendelea. Mwishoni mwa mstari mmoja nilimkuta mzee mwenye kofia ya pama, akikata vichala na kuviweka kwenye kreti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbukwenyi, mgeni. Umetoka kuonja?"

Nilimwambia ndiyo, nikamwuliza yeye anapenda ipi, nyekundu au nyeupe. Akacheka. "Mimi sinywi. Nimeacha miaka mingi. Ilitaka kuniua." Alisema hivyo kama mtu anayetaja kijiji alichozaliwa. Nikamwuliza inakuwaje mtu asiyekunywa afanye kazi kwenye shamba la divai. Akanionyesha mikono yake, imepauka, ina makovu madogomadogo. "Mzabibu naujua kwa hii," akasema. "Kwa kinywa wapo wengine."

Asubuhi ya kukamua, akaniambia, mke wa mwenye shamba humletea kikombe cha mchuzi wa zabibu ukiwa mbichi, kabla haujaanza kuchacha. Hakuomba. Mama yule alijua tu, tangu msimu wa kwanza, na wageni wakija na kumshawishi mzee aonje japo kidogo, mama huyo ndiye huwazuia.

Nikamwomba anionyeshe jinsi mzabibu unavyokatwa, maana nimeuhubiri mara nyingi. Akatoa mkasi mfukoni, akaniambia huu si wakati wake, ila atanieleza. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisoma kwenye kitabu chochote cha mahubiri.

Huko Ulaya, alisema, mzabibu hulala wenyewe. Baridi inakuja, majani yanapukutika, mti unapumzika, na jua likirudi unaamka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Ukiuacha mzabibu hapa, hauna siku ya kulala wala siku ya kuamka. Unaendelea tu kutoa majani mwaka mzima, kijani kizuri cha kupendeza, na matunda hovyo. "Mpita njia atausifu," alisema, "ila mwenye shamba ana njaa." Kwa hiyo baada ya mavuno mkulima huuacha mti upumzike, kisha huukata matawi mpaka unabaki kama fimbo. Kuanzia siku ya mkasi ndipo hesabu huanza, na baada ya miezi minne hivi huvunwa tena.

"Na kila mti," akaongeza, "unakatwa unavyotaka wenyewe. Huu una nguvu, nauachia macho mengi. Ule pale ulipata ugonjwa, nauachia mawili tu. Ukiukata kama huu, utakufa."

Nilikaa chini kwenye kreti tupu. Sijui mzee yule alifikiri nini, kwa sababu hakuniuliza. Aliendelea kukata vichala.

Nilijiona mimi mwenyewe kwanza, mti wenye majani mengi ambao watu wanausifu. Kazi zangu zote tangu Pasaka zilikuwa majani, kwa kuwa nilikuwa naikwepa karakana moja iliyofungwa. Lakini zaidi nilimwona fundi. Miaka saba aliyokaa bila kugusa tone, mimi niliiona kama upungufu, jambo la mtu ambaye bado hajaelewa uhuru wa Injili. Kumbe ule ulikuwa mkasi. Mungu alikuwa ameshalikata lile tawi, na mke, karakana na shati jeupe vilikuwa vimechipuka pale lilipokatwa. Nami nikaja na vifungu vyangu nikataka kulirudisha.

Usiku ule sikulala vizuri, na mwenzangu alikaa nami barazani mpaka saa sita. Hakunifariji haraka, namshukuru kwa hilo. Aliniuliza swali moja: "Wale waliokipigania kikombe, walikuwa wanampigania nani?" Nikajibu: muumini aliyekitaka akanyimwa. "Basi," akasema.

Nimelifikiria jambo hilo tangu wakati huo, na sioni kwamba ninaacha ungamo letu. Wanamatengenezo walilia dhidi ya kanisa lililoweka mkono kati ya mwamini na zawadi ya Bwana wake. Mimi niliigeuza zawadi ileile kuwa sharti, nikaweka mkono wangu kati ya mwamini na dhamiri yake. Ni kosa lilelile kutoka upande wa pili. Wala Kristo hakugawanyika, nusu ndani ya mkate na nusu ndani ya kikombe, hata anayepokea mkate peke yake ampate Mwokozi pungufu. Kanisa letu limewapa wagonjwa walichoweza kumeza, bila kuwaambia kwamba wamepokea nusu. Na mtume Paulo, aliyejua uhuru wa Mkristo kuliko mimi, aliwaambia Warumi kwamba ni afadhali kuacha nyama na divai kuliko kumwangusha ndugu. Sura ile nimeifundisha darasani. Sikujua kwamba inamhusu fundi wa vitanda wa Kolandoto.

Siku ya tatu nilipumzika kweli. Nililala mchana. Nilikula zabibu. Nikarudi.

Kesho yake ya kufika nilikwenda kwa fundi kabla sijafungua ofisi. Alikuwa amekaa chini ya mti wake, na randa ya kuazima. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ulinieleza nami sikukusikia. Nimekukosea, na nimemkosea Bwana aliyekuleta kwangu. Nisamehe." Alinyamaza muda mrefu. Mtoto alipita na ng'ombe wawili, vumbi likatulia. Kisha akasema, "Baba, mchungaji akiomba msamaha mtu anajibuje?" Nikamwambia anajibu anavyoona. Akasema, "Basi nimesamehe. Lakini kunywa bado kunaniita. Usidhani kumekwisha." Tuliomba. Sikumpa vifungu.

Nililipeleka jambo kwa Mkuu wa Jimbo, kisha kwenye kikao cha wazee wa kanisa, bila kumtaja mtu. Mazungumzo hayakuwa mepesi. Mzee mmoja alitaka tuondoe divai kabisa tuweke juisi, majirani wasitusengenye. Mwingine alisema tukianza kulegeza, kesho watu watachagua hata mkate. Mwishoni tulikubaliana hivi: kikombe kinabaki kama tulivyokipokea. Asiyeweza kunywa ataweka mkono kifuani, naye atapokea mkate na kubarikiwa, na hakuna atakayemwuliza sababu, si mchungaji wala mzee wala jirani wa benchi. Nililitangaza Jumapili mbili mfululizo na kufundisha kwamba anayepokea hivyo amempokea Kristo mzima.

Jumapili ya Ushirika iliyofuata nilipita na kikombe nikiwa na hofu kuliko siku niliyobarikiwa kuwa mchungaji. Fundi alikuwa mwisho wa mstari, shati lilelile jeupe, kola imeanza kuchakaa. Lakini kabla sijamfikia, mwalimu mmoja mstaafu, mtu ninayemheshimu, ambaye amepokea kikombe kutoka mkononi mwangu kwa miaka mingi, aliweka mkono kifuani. Nikapita. Mbele kidogo mama mmoja wa kwaya akafanya hivyohivyo. Sikuwahi kujua. Miaka kumi na sita sikuwahi kujua, kwa sababu sikuwahi kuwapa nafasi ya kuniambia.

Nilipofika kwa fundi mkono wake ulikuwa tayari kifuani, nao ulitulia. Nikamwekea mkono kichwani, nikambariki, nikapita na kikombe.